Kona ya Mwalimu: Watoto wetu na shindano la programu za simu

Sisi walimu wa kujitolea tumechoka kidogo, na uchovu huo ndio habari ya mwezi huu.

Tangu wasichana wanne wa klabu ya kompyuta waanze kubaki darasani kila Jumamosi hadi saa kumi na moja za jioni, maswali yamekuwa mengi. Tunaulizwa kwenye foleni ya bomba, tunaulizwa sokoni, hata siku ya msiba mzee mmoja alituvuta pembeni: "Mwalimu, hawa watoto munawafundisha nini mpaka giza linaingia?" Kuna wanaosema tunatafuta safari ya Amerika. Kuna wanaosema ni mchezo wa simu. Basi tumeona afadhali tueleze hapa, mara moja kwa wote, kazi hiyo ni ya namna gani na wazazi wanahitajiwa wapi ndani yake. Maana wanahitajiwa sana.

Shindano lenyewe linaitwa Technovation Girls. Ni la wasichana wa nchi zote, wenye umri wa miaka 8 hadi 18, na lilianza mwaka 2010 kule California, Marekani. Wasichana wanaunda timu isiyozidi watu watano. Wanachagua shida moja ya mahali wanapoishi, kisha wanatengeneza programu ya simu, wengine wanasema apu, ya kuipunguza shida hiyo. Usajili hufunguliwa karibu na mwezi wa kumi, na kazi inatumwa mwaka unaofuata, mwezi wa nne au wa tano. Waamuzi ni watu wa kujitolea kama sisi, wako nchi mbalimbali, wanaiangalia kazi kupitia intaneti na kutoa maksi.

Mambo mawili tuyaseme kwanza, maana yanasumbua vichwa. La kwanza, hakuna ada ya kuingia. Mtu akipita kwenye bloku yenu anaomba kwacha za "kuandikisha mtoto kwenye shindano la kompyuta", huyo ni mwizi, mfukuzeni. La pili, shindano hili halihusiani hata kidogo na kuhamishiwa nchi ya tatu. Halimsogezi mtu mbele kwenye orodha wala halimrudishi nyuma. Mzazi anayemleta mtoto kwa ajili ya hiyo tunamwambia palepale mlangoni, kabla mtoto hajashika kompyuta, ili asije kutulaumu baadaye.

Lakini msidhani pia kwamba ni kitu cha watu wa mbali. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Kisumu, Kenya, waliojiita The Restorers, walifika fainali kule California na programu yao iliyoitwa i-Cut. Ilikuwa ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Kulikuwa na kitufe cha kuomba msaada, kingine cha kutoa taarifa, kingine cha kujifunza juu ya jambo lenyewe. Zawadi ya kwanza hawakuichukua. Hata hivyo, mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwaweka kati ya waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, ambayo hupewa watu wanaotetea haki za binadamu. Sisi tukiwasimulia wasichana wetu habari hii hatuwaambii kwamba watakuwa kama wale. Tunawaonyesha tu kwamba programu ile ilikuwa na vitufe vichache, na kila kitufe kilijibu swali la mtu aliye na hofu.

Timu yetu ilianza na shida nyingi mno. Maji, mgao, kazi, Kiingereza cha shuleni, giza la njiani usiku. Wiki tatu zilikwisha kwa ubishi. Kila mmoja alitaka shida yake iwe shida ya wote. Mwishowe aliyewatoa pale ni mdogo wao, wa miaka 14, ambaye shangazi yake ana mtoto mchanga. Mnakijua kile kijitabu cha afya ambacho tunapewa hapa Malawi. Hakikuandikwa kwa lugha ya shangazi. Wauguzi wanaongea Kichewa na Kiingereza, shangazi anaongea Kibembe na Kiswahili. Akirudi nyumbani anakifunga kwenye mfuko wa plastiki, anakiweka chini ya godoro, na tarehe ya kurudi inabaki humo ndani chini ya godoro.

Chanjo za mtoto zina tarehe zake. Baada ya zile za kuzaliwa, anarudi akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Surua ni miezi 9, halafu tena miezi 15. Mama mwenye watoto watatu, mmoja mgongoni, anazishika kichwani namna gani? Ndiyo shida waliyoichagua: programu ambayo mama anaingiza siku mtoto aliyozaliwa, nayo inamwambia kwa lugha yake siku za kurudi kliniki.

Hapo wengi wangekimbilia kompyuta. Sisi tuliwapa madaftari, tukawatuma kwa wamama. Na hii, wazazi, ndiyo sehemu ya kazi ambayo sisi tunaiona kubwa kuliko zote. Kati ya mambo ambayo waamuzi wanataka kuona ni kama timu inaijua shida kweli, au wameikisia tu wakiwa wamekaa kwenye kiti. Wasichana walienda nyumba kumi na moja. Walikuwa na swali moja tu kubwa: kama uliwahi kukosa tarehe ya kliniki, ni kwa nini?

Majibu yalivuruga kila kitu walichokuwa wamechora. Walifikiri wamama watasema hawajui kusoma. Ni wawili tu waliosema hivyo. Wengine walisema tarehe wanaijua, ila nyumbani hakuna kalenda, na siku za kambini zinafanana, Jumanne ni kama Alhamisi. Wanne walisema simu ya nyumba inakaa na baba, anaondoka nayo asubuhi. Mmoja alicheka sana, akasema: "Miye simu niko nayo, lakini bando sina. Hiyo kitu yenu itaomba bando?" Wakaandika yote. Kutoka kwenye hizo kurasa za daftari ndipo programu ilipopata sura: ifanye kazi bila intaneti, iongee kwa sauti, na iweke watoto wa nyumba zaidi ya moja kwenye simu moja, maana kuko mama ambaye ataazima simu ya jirani.

Walimwendea pia muuguzi mmoja kuuliza kama wiki walizoandika ni sawa. Aliwasahihisha mawili matatu, akawaambia waandike zaidi siku ya kurudi, wasijaze majina ya dawa, kwa sababu chanjo zinaongezwa. Ni kweli. Chanjo ya malaria, kwa mfano, ilianza kutolewa Malawi mwaka 2019, na kijitabu cha kabla ya hapo hakina nafasi yake. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa programu wameweka maneno haya: neno la muuguzi ndilo la mwisho.

Sasa tuje kwenye jambo lililotaka kuivunja timu.

Katika mchoro wao wa kwanza kulikuwa na orodha. Jina la mtoto, jina la mama, bloku, namba ya nyumba. Orodha hiyo ingetumwa kwa intaneti na kuhifadhiwa mbali, ili wahudumu wa afya wafungue ramani na kuona nyumba ambayo mtoto hajachanjwa. Kusema kweli, ilikuwa ramani nzuri ya kupendeza, na waamuzi wangeipenda. Basi siku tuliyowaita wazazi waone kazi, mama wa mmoja wa wasichana alisimama mbele ya kompyuta, akaangalia ile orodha kwa muda. Halafu akasema, polepole, bila hasira:

"Kule kwetu walikuja na karatasi ya majina. Wanasoma jina, wanaingia nyumba. Leo mutoto wangu anaandika majina ya bloku nzima ndani ya mashine. Inaenda wapi hii karatasi? Nani ataisoma?"

Hakuna aliyejibu. Binti yake alikuwa ameinamisha uso. Mama akabeba mtoto wake mgongoni, akaaga, akaenda. Jumamosi iliyofuata binti hakuja.

Wale watatu waliobaki walibishana mchana kutwa, na sisi tuliwaacha wabishane, maana programu ni yao. Mmoja alikuwa na karatasi ya maksi ya waamuzi mkononi, ile inayoonyesha kila kipengele kinapewa alama ngapi. Alisema wakiiondoa ramani watabaki na kitu kidogo, na timu za nchi nyingine zina vitu vikubwa. Mwenzake akamuuliza kama angekubali jina la mama yake liwe la kwanza kwenye orodha hiyo. Akanyamaza, kisha akasema hapana.

Ramani ikatoka. Majina yakatoka. Wakaweka kitu ambacho sisi tusingekifikiria: mama akimwingiza mtoto anamchagulia picha. Kuna embe, kuna samaki, kuna jogoo, kuna mtumbwi. Kwa hiyo simu inasema, "Mtoto wa embe, zimebaki siku tano." Mama anajua embe ni nani. Mtu mwingine akiokota simu hajui. Na siku ya kuzaliwa inabaki ndani ya simu yenyewe, haitumwi popote. Mama akiifuta, imefutika. Waliandika kwenye maelezo yao kwa waamuzi kwa nini waliiondoa ramani, tena kwa maneno yao wenyewe, na sisi kazi yetu ilikuwa kusahihisha herufi tu.

Halafu wote watatu walikwenda nyumbani kwa yule mama na simu, wakamwonyesha embe na mtumbwi. Alichagua mtumbwi. Jumamosi iliyofuata binti alirudi.

Tuseme kidogo juu ya utengenezaji, kwa wale kaka na dada waliotuuliza. Chombo walichotumia kinaitwa App Inventor. Kilianzia kampuni ya Google mwaka 2010, na tangu 2012 kinatunzwa na chuo cha MIT, Marekani. Ni cha bure. Huandiki kodi ndefu kwa herufi, unapanga vipande vya rangi vinavyoshikana kama ile michezo ya watoto ya kuunganisha picha. Upande mmoja unapanga sura ya simu: vitufe, picha, maandishi. Upande wa pili unapanga vipande vinavyosema kitufe kikibonyezwa kifanyike nini. Ubaya wake ni kwamba wakati wa kutengeneza kinataka intaneti, hata kama programu ikishamaliza kutengenezwa haiitaki. Kwa hiyo kila kitu walikichora kwanza kwenye karatasi, ukurasa mmoja kwa kila sura ya simu, na siku ya mtandao wanaingia wakiwa wanajua wanachokitaka. Kompyuta tatu, sola inayochoka saa tisa kukiwa na mawingu, huwezi kukaa unawaza mbele ya skrini.

Kosa moja liliwachelewesha wiki nzima, na ni zuri kulijua. Mama akiandika mtoto amezaliwa 03/04, sisi tunasoma tarehe 3 mwezi wa nne. Kipande cha saa cha App Inventor, ukikipa tarehe kwa maandishi, kinasoma kama Wamarekani: mwezi kwanza. Kwa hiyo kiliona tarehe 4 mwezi wa tatu. Mtoto aliongezewa umri wa mwezi mzima! Na programu haikulalamika, ilitoa jibu safi kabisa la uongo. Aliyeligundua ni yule mdogo wa miaka 14, kwa sababu alikuwa ameingiza mtoto wa shangazi yake na siku ya kuzaliwa anaijua. Sasa mama haandiki tarehe tena, anaichagua kwenye kalenda ya simu.

La pili lilikuwa la hesabu. Mmoja alikuwa amegeuza wiki 14 kuwa miezi mitatu na nusu. Kwa mdomo inaonekana ni kitu kimoja. Wiki 14 ni siku 98. Miezi mitatu na nusu ni siku mia moja na sita au saba. Tofauti ya zaidi ya wiki moja. Tuliwaambia wachukue watoto sita wa kubuni, wahesabu tarehe zote kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, ndipo walinganishe na simu. Tunashauri kila timu ifanye hivyo. Kalenda ya ukutani haidanganyi, na hailii chaji.

Sauti nazo zilikuwa kazi ya kuchekesha. Kiswahili walirekodi wenyewe. Kinyarwanda alirekodi jirani wa darasa. Kibembe kilirekodiwa na bibi wa mmoja wao, kwa sababu wasichana walikiri kwamba Kibembe chao kimechanganyika. Walimweka bibi kwenye kiti, wakatundika mablanketi madirishani kupunguza kelele, mvua ikaanza kupiga mabati. Wakasubiri. Mvua ikaacha, mbuzi akaanza. Saa mbili kwa maneno kumi na manne.

Kuna kitu programu haiwezi, na tuliwashauri wakiseme wazi. Kwa jinsi walivyoitengeneza, haipigi kengele ikiwa imefungwa. Lazima mama aifungue aone siku zilizobaki: kijani bado, njano karibu, nyekundu ni leo au imepita. Mmoja wao alitaka kwenye video waseme "inakumbusha". Wenzake wakakataa, na hata sisi tungekataa. Mwamuzi akiifungua na kukuta haipigi, ataacha kuamini na yale mengine ya kweli. Waliandika "inaonyesha siku zilizobaki ukiifungua". Ni maneno machache zaidi ya kiburi, lakini hakuna mtu atakayeyapinga.

Sasa kinachotumwa ni nini? Wengi wanadhani unatuma programu tu, basi. Hapana. Unatuma faili la programu. Unatuma video fupi ya kueleza shida na suluhisho, na video ya pili ya kuonyesha programu inavyofanya kazi na ilivyotengenezwa. Unaandika maelezo ya safari ya timu: walianza wapi, walibadilisha nini, walijifunza nini. Wale wakubwa wanaongeza mpango wa namna programu itakavyowafikia watu. Kanuni na urefu wa video vinabadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo msifuate karatasi ya mwaka uliopita ambayo dada yenu aliiacha. Na kama mmechukua picha, sauti au kipande cha kodi kwa mtu, au mmesaidiwa na ile mitambo ya akili bandia, semeni. Kusaidiwa si aibu. Kuficha ndiko kunakoua kazi.

Kuhusu video tulikaa na wazazi mara mbili. Kuna familia hapa ambazo hazitaki uso wa binti uonekane kwenye intaneti, na sababu zao hatuzitaji gazetini. Tunaziheshimu bila kuuliza. Basi video ilitengenezwa kwa mikono, sauti na michoro. Unaona mikono ya wasichana inachora kwenye karatasi, unasikia wanaongea Kiswahili, maneno ya Kiingereza yanapita chini kwa ajili ya waamuzi. Hakuna uso, hakuna jina kamili, hakuna ubao wa bloku nyuma. Video iliwekwa kwenye YouTube kwa namna ambayo haitokei mtu akitafuta, inafunguliwa tu na aliyepewa kiungo chake. Sisi tunaona ilitoka nzuri zaidi hivyo. Mtu anaangalia kazi, haangalii nguo.

Na ruhusa ya mzazi. Mtoto anapojiandikisha, mzazi anatumiwa barua pepe ya kukubali. Hapa ndipo panapoleta majaribu, kwa sababu wazazi wengi hawana barua pepe, na ni rahisi sana mwalimu kufungua anwani kwa jina la baba na kubonyeza "nakubali" kwa niaba yake. Tunajua inafanyika mahali pengine. Sisi hatutaifanya. Kila mzazi alikuja, akakaa kwenye kiti, akafunguliwa barua pepe yake, akaandika neno la siri lake mwenyewe huku sisi tumegeuka ukutani. Tulimsomea maneno yote ya ruhusa kwa Kiswahili. Baba mmoja alituuliza maswali saa nzima, akaenda kulala na swali, akarudi kesho yake na mengine mawili, ndipo akakubali. Huyo ndiye mzazi tunayemtaka.

Kutuma kulikuwa kama kusafirisha gunia kwa baiskeli. Video ya kwanza ilikuwa nzito mno, megabaiti mia nne na zaidi. Tuliipunguza ubora hadi ikashuka chini ya mia moja, na bado unaona kila kitu. Mchana mtandao unabebwa na watu wote, kwa hiyo tulipakia saa kumi za alfajiri, watu wamelala. Mara ya kwanza ilikatika ikiwa imefika asilimia tisini. Mara ya pili ikaenda. Ilikuwa siku nne kabla ya mwisho, na tunawasihi timu za mwakani: wekeni siku yenu ya mwisho wiki moja kabla ya ile ya shindano. Faili la programu liwe kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti. Kisha baada ya kutuma, fungueni kila kiungo kwenye simu ya mtu mwingine, asiye wa timu. Kama kwake kinafunguka, na kwa mwamuzi kitafunguka.

Tumeulizwa na wazazi: sisi tusiojua kompyuta tusaidie nini? Mlishasaidia. Kaka wa mmoja wa wasichana alichota maji kila Jumamosi kwa wiki sita ili dada yake awahi klabu, na hakuna aliyemlazimisha. Bibi alitoa sauti. Wamama kumi na moja walijibu maswali wakiwa jikoni, moshi machoni. Mama mmoja alisema neno lililobadilisha programu nzima. Mkitaka zaidi, mwulize mtoto jioni: leo umebadilisha nini, na kwa nini? Akishindwa kukueleza wewe kwa lugha ya nyumbani, kwenye video hataweza kumweleza mwamuzi.

Matokeo hayajatoka. Yakitoka tutayaandika hapa, yawe yoyote. Kwa sasa wamama watatu wameomba programu iwekwe kwenye simu zao, na tunaiweka Jumamosi baada ya saa nane, bure, mtu aje na simu yake ya Android ikiwa na chaji. Klabu itapokea wasichana wapya mwezi wa kumi. Mtoto aje na daftari na mzazi mmoja, simu si lazima. Wavulana wanaouliza na wao wafanye nini, kuko darasa lao siku ya Jumatano, kompyuta ni zilezile tatu.

Na bibi ametutumia ujumbe kwamba kuna neno moja la Kibembe hakulisema vizuri kwa sababu ya yule mbuzi. Anataka kulirudia.